Kusomea sheria chuo cha mkoani: je, kazi ipo?

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na wakili wa safu hii

SWALI: Wakili, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na ninaishi na wazazi wangu Singida. Nimechaguliwa kusoma Shahada ya Sheria katika chuo kikuu kimoja kilichopo Iringa. Mjomba wangu, ambaye ndiye amenilipia ada tangu kidato cha kwanza, anasema mwanasheria aliyesoma mkoani hapati kazi, hivyo ni afadhali nikae nyumbani mwaka mzima kisha niombe tena Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba anasema nafasi haichezewi. Nimsikilize nani? (Msomaji, Singida)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu ya mjomba wako ina asili yake, na usiidharau. Kitivo cha sheria ndicho kilichotangulia kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na kwa miongo mitatu hivi mtu wa Tanzania Bara aliyesema amesomea sheria nchini alikuwa amesomea huko. Majaji, mawaziri na mawakili ambao kizazi cha mjomba wako kiliwasikia redioni walitoka mahali pamoja. Leo sheria inafundishwa Mzumbe, Dodoma, Iringa, Mwanza, Arusha na kwingineko, lakini ile picha ya zamani haijafutika vichwani mwa watu.

Jambo ambalo mjomba hajalizingatia ni kwamba shahada peke yake, iwe ya Dar es Salaam au ya Iringa, haimfanyi mtu kuwa wakili. Tangu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tumezoea kuiita Law School, ianze kufundisha mwaka 2008 kutokana na sheria iliyotungwa mwaka 2007, wahitimu wa vyuo vyote hupita katika mlango huo mmoja na kufanya mitihani ileile, na ni baada ya kufaulu ndipo wanapoweza kuomba kuapishwa na kuandikishwa kuwa mawakili. Msahihishaji hakuulizi ulisoma wapi. Huko ndiko wengi wanakokwama, na ndiko ninakotaka wewe na mjomba wako muelekeze wasiwasi wenu.

Bila shaka mmeyasikia matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walikatishwa masomo. Nchi nzima ilishtuka, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ichunguze chanzo. Wanafunzi wale walitoka vyuo mbalimbali. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: chuo unachokwenda kitakufikisha kwenye mlango huo ukiwa umeandaliwa namna gani?

Nakueleza haya kwa sababu yalinipata. Mimi pia nilisoma mkoani, nikamaliza nikiwa na alama za kujivunia. Siku zangu za mwanzo Law School tulipewa maelezo ya mteja, ukurasa mmoja na nusu, tukaambiwa tuandae hati ya madai, yaani karatasi ya kufungulia kesi ya madai mahakamani, kufikia asubuhi. Niliweza kueleza misingi ya sheria ya mikataba bila kufungua daftari, lakini katika miaka yote ya chuo hakuna mtu aliyewahi kunikalisha chini niandike hati ya madai. Sikujua kuwa ni lazima ionyeshe chanzo cha madai kilitokea lini, thamani ya madai ni kiasi gani, na kwa nini mahakama hiyo ndiyo yenye mamlaka. Karatasi yangu ilirudi imejaa wino mwekundu, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili tu: "Mahakama ipi?" Nililia usiku ule. Baadaye nililazimika kujifunza kwa miezi michache mambo niliyopaswa kuyaanza mwaka wa pili wa shahada.

Kwa hiyo, kabla ya kuthibitisha nafasi yako, panda basi uende Iringa, au umpigie simu mtu anayesoma pale. Hakikisha kwanza kwamba programu yenyewe inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kisha uliza wahadhiri wa sheria walioajiriwa hapo moja kwa moja ni wangapi, na wanaokuja mwisho wa wiki kufundisha kisha wakaondoka ni wangapi. Uliza kama wanafunzi wanashiriki mahakama ya mfano, yaani kesi za mazoezi, na kuandika nyaraka za mashauri, au wanaishia kunakili maelezo ya darasani. Zaidi ya yote, watafute wahitimu wa miaka mitatu iliyopita waliokwenda Law School, uwasikilize. Chuo kinachoona haya kukuunganisha na wahitimu wake kimekwisha kukujibu.

Liko pia suala la lugha, ambalo sisi tuliosoma shule za kawaida tunalijua kwa machungu. Marekebisho ya sheria yaliyofanyika mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na ninayaunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa mtu ana haki ya kuielewa hukumu inayomhusu. Hata hivyo, vitabu na hukumu nyingi utakazotakiwa kuzisoma bado ni za Kiingereza. Jizoeze kusoma hukumu moja kila wiki katika TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania ambayo haitozi chochote, kisha uandike kwa maneno yako mwenyewe ugomvi ulikuwa nini na jaji aliamua hivyo kwa sababu gani.

Sasa kuhusu ajira. Katika Serikali, wanasheria huajiriwa na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, Mahakama, halmashauri na mashirika ya umma. Matangazo mengi hutaka shahada na cheti cha Law School, na sijaona tangazo linalotaja chuo fulani. Tatizo ni kwamba waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wapo wanaosubiri miaka. Mjomba wako ana haki zaidi anapozungumzia kampuni kubwa za mawakili za Dar es Salaam, zile zinazoshughulikia mikataba ya benki, madini na gesi, maana aliyesoma jirani nazo hupata nafasi ya kujulikana mapema. Ukitamani kazi za namna hiyo, tumia likizo zako kuomba mafunzo ya vitendo huko ukiwa bado mwanafunzi.

Lakini mikoani kazi ipo, tena inaongezeka. Vituo jumuishi vya utoaji haki, yaani majengo yanayokusanya mahakama za ngazi mbalimbali mahali pamoja, vilivyozinduliwa mwaka 2021 vilifika Mwanza, Arusha, Dodoma na Morogoro, si Dar es Salaam peke yake, na mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yana migogoro ya kutosha. Mwezi uliopita mzee mmoja alinijia na mkataba wa kununua shamba ulioandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, una dole gumba la muuzaji na muhuri wa kijiji uliofifia, wala haukutaja mpaka hata mmoja. Watoto wa muuzaji sasa wanalidai shamba. Wenye karatasi za aina hiyo ni wengi mno, na wanamhitaji mwanasheria anayeweza kufika shambani na kuzungumza nao wakaelewana. Ukweli ni kwamba wengine hulipa baada ya mavuno. Mwaka wangu wa kwanza kodi ya ofisi niliipata kwa kushuhudia viapo na kuandika mikataba midogo midogo.

Mwambie mjomba, kwa adabu, apige hesabu ya safari nzima: miaka mitatu au minne ya shahada kutegemea chuo, kisha Law School yenye ada yake na gharama za kuishi Dar es Salaam. Someni mapema mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika. Chuo kikiyajibu vizuri maswali niliyokupa, ichukue nafasi hiyo. Mwaka wa kukaa nyumbani haukuhakikishii kuchaguliwa kwingine.

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni karani wa mahakama Sumbawanga, umri wangu ni miaka 43, na nina stashahada ya sheria ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Nikisoma shahada Chuo Kikuu Huria bila kuacha kazi, itanisaidia? (Msomaji, Sumbawanga)

JIBU: Itakusaidia, ndugu yangu. Shahada ya Huria inakufikisha Law School kama nyingine, na wewe unazijua nyaraka za mahakama kuliko vijana wengi utakaokutana nao huko. Angalia jambo moja tu. Masomo ya Huria unaweza kuyabeba pamoja na kazi, ila mafunzo ya Law School hayachanganyiki kirahisi na kituo cha kazi cha Sumbawanga, na mtumishi aliyesoma bila mwajiri kujua hupata taabu anapoomba kubadilishiwa kada. Barua ya kuomba ruhusa iandike kabla hujalipa ada ya kwanza, na nakala yenye muhuri wa mapokezi uitunze.