Posta au Westlands? Maswali yenu kuhusu ofisi za Dar na Nairobi

Sisi tuna bandari. Kwa nini makampuni ya nje huweka ofisi za kanda Nairobi? (Msomaji, Tabata)

Bandari huleta mizigo, na mizigo inataka maghala, malori na mawakala wa forodha kuliko ghorofa la vioo. Wenzetu walitutangulia. Soko lao la hisa ni la 1954. Letu lilianza kuuza hisa 1998. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ipo Nairobi tangu miaka ya 1970, Google ilifungua ofisi 2007. Akishatangulia mmoja, wengine humfuata, kwa sababu mawakili, wakaguzi wa hesabu na wafanyakazi wenye uzoefu wako palepale.

Maghorofa ya Posta mbona yana giza usiku? Yalijengwa kwa ajili ya nani? (Mama wa Upanga)

Mama, giza la usiku lisikusumbue, watu wameshapanda Mwendokasi. Ingia mchana, usome ubao wa majina karibu na lifti. Nafasi tupu kwenye ubao ndizo za kuhesabu.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Mengi ya maghorofa yale yalijengwa na mifuko ya hifadhi ya jamii, yakiwemo yale pacha ya Sokoine Drive yaliyokuwa ya PSPF, mfuko ambao 2018 uliunganishwa na mingine kuwa PSSSF. Yaani michango ya walimu na wauguzi iligeuzwa zege. Mfuko una fedha za kuwekeza, kwa hiyo unajenga hata kama hakuna kampuni iliyopiga hodi kuomba nafasi. Kisha 2016 Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi wa 1973 kukaa kwenye makaratasi miaka yote hiyo. Wizara zikafunga virago, na wizara haiondoki peke yake: washauri na wazabuni huifuata.

Nairobi nao walijenga kupita mahitaji, Upper Hill na Westlands. Tofauti ni kwamba kule anayeacha ofisi ya katikati ya mji mara nyingi huhamia mtaa mwingine wa jiji lilelile. Wetu wamehama mkoa.

Tutawapita lini? (Kijana wa Sinza)

Mdogo wangu, urefu wa majengo uache. Benki ya KCB ya Kenya ilikuja kwetu 1997. Benki yetu ya CRDB ilivuka kwenda Burundi 2012, na Kongo 2023. Mimi naangalia hizo safari za kwenda nje, maana makao makuu yanayosimamia nchi tatu yanahitaji watu wengi wa kukaa ofisini.

Tuko wanane. Tukae Posta au Makumbusho? (Mwenye kampuni, Kijitonyama)

Kama kazi yenu ni mahakama, benki au bandari, Posta. Kama wateja huja na magari, Makumbusho, maana kutafuta pakingi Posta ni adhabu. Kokote mtakapokwenda, ulizeni kama ada ya huduma za jengo inajumuisha dizeli ya jenereta, na kama bei mliyotajiwa ina VAT ya asilimia 18 ndani yake. Kumbukeni pia kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Ni jukumu la mpangaji.

Mwenye jengo anataka dola. (Mpangaji, Masaki)

Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mwambie aandike mkataba kwa shilingi, na usikubali kifungu kinachopandisha kodi kila dola ikipanda.