Rivolva za zamani za bei chee kwa kulenga shabaha ya kujifurahisha: zinalipa?

Mkuu umeuliza kama rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya zamani ya bei chee inamfaa mtu anayetaka tu kwenda uwanja wa shabaha akapige makopo na karatasi, au ni kutupa hela. Waliokujibu wamegawanyika, mmoja anasema hizo ni chuma chakavu zote, mwingine anasema ya zamani yoyote inaipita ya leo. Nimemiliki kadhaa na nimepiga nyingi zaidi za marafiki, na kwa kweli siungi mkono upande wowote kati ya hao wawili.

Bei ndogo huwa ina sababu, kazi yako ni kuijua hiyo sababu kabla hujatoa hela. Kuna rivolva iliyoshuka bei kwa vile imechubuka rangi au kwa vile mtindo umepita, watu wote wamehamia bastola za magazini. Afu kuna iliyo rahisi kwa sababu ilitengenezwa kirahisi tangu siku ya kwanza. Hiyo ya kwanza nunua bila wasiwasi ukishaikagua, hiyo ya pili hata upewe bure bado itakugharimu.

Mfano mzuri wa kundi la kwanza ni Smith & Wesson Military & Police, ilianza 1899 na 1957 kiwanda kikaanza kuiita Model 10. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 6 kwahiyo si adimu, na ndio maana bei yake haipandi kama za wakusanyaji. Nyingi zilikuwa za polisi wa Marekani na walinzi, zimekaa kiunoni miaka na miaka, zimevuliwa na kurudishwa kwenye mfuko wa ngozi maelfu ya mara lakini risasi zimepigwa chache tu. Utaiona mdomo wa mtutu umekuwa mweupe, kingo za silinda zimeng'aa, mshiko wa mbao umegongwagongwa, mtu anaikunjia uso. Ifungue ndani uone, mashine iko kama mpya. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, sura mbaya kabisa, lakini triga yake ni laini kuliko rivolva mpya nyingi nilizowahi kushika, na ukiilisha risasi za .38 Special zile nyepesi za shabaha zenye kichwa bapa haikurushi mkono, inatoboa karatasi tundu safi la duara, unaweza kushinda nayo siku nzima bila kuchoka. Na spea zake zipo, mafundi wanaijua. Hapo ndipo thamani ilipo.

Sasa kukagua, na hapa usione aibu kumchelewesha muuzaji. Omba ruhusa, hakikisha haina risasi, angalia chemba zote (matundu ya silinda yanayoingia risasi) kwa macho, rudia tena. Kisha vuta nyundo (kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi) nyuma polepole kwa kidole gumba huku kidole kingine kikiigusa silinda kidogo tu kuizuia, nyundo ikifika mwisho silinda iwe tayari imejifunga. Kama nyundo imeshafika na silinda bado haijafunga basi taimingi (mpangilio wa silinda na nyundo) imekwisha, chemba haitakaa sawa na mtutu, risasi itaingia kwa kukwaruza pembeni na vipande vya risasi vitaruka kando kwa aliyesimama karibu na wewe. Fanya hivyo kwa kila chemba, sio moja, kwa sababu mara nyingi chemba moja au mbili ndio zimechoka na nyingine ziko sawa. Halafu shusha nyundo taratibu huku triga umeivuta, uendelee kuishikilia hivyo hivyo nyuma, tikisa silinda kushoto kulia na mbele nyuma. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, ila ikicheza mbele nyuma mpaka unasikia mlio, hapo ni kazi ya fundi.

Kingine watu wanasahau: vuta nyundo hadi mwisho, toa kidole kabisa kwenye triga, halafu isukume nyundo kwa gumba kwenda mbele. Ikianguka rudisha mezani uondoke. Maana yake kuna mtu aliichonga ndani akitaka triga iwe nyepesi, na skrubu zilizoliwa vichwa huwa zinakupa dalili hiyo mapema. Nafasi kati ya silinda na mtutu ipime kwa fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) kama unayo, kati ya milimita 0.10 na 0.25 iko poa, ikizidi sana utapoteza nguvu na itatema moto pembeni. Mwisho mulika ndani ya mtutu. Vishimo vidogo vya kutu visikutishe, nimeshaona mitutu yenye vishimo ikapiga vizuri tu ingawa inahitaji kusafishwa zaidi. Ila ukiona pete nyeusi ya duara katikati ya mtutu, hapo risasi moja ilikwama na nyingine ikapigwa nyuma yake, chuma kimevimba. Hiyo usinunue kabisa.

Kama lengo lako ni makopo tu basi nakushauri uanze na rivolva ya .22 LR, ile risasi ndogo ya bei rahisi, maana bei ya rivolva unailipa mara moja ila risasi unalipa kila ukienda uwanjani. Harrington & Richardson (kifupi H&R) wa Worcester, Massachusetts walitengeneza .22 nyingi za kupiga risasi tisa, Model 922 na ile 999 Sportsman ya kukunjuka juu (unaifungua kwa kukunja mtutu chini), na High Standard walitoa Sentinel mwaka 1955, nayo ni tisa. Sio silaha za kifahari, triga zake ni nzito na mng'ao ni wa kawaida, lakini zilitengenezwa kwa kazi hii hii na zinaifanya. Za .22 zikague mdomo wa chemba pale pini ya kugongea risasi inapogonga, mtu akiwa anafyatua tupu bila risasi mara kwa mara pini inagonga chuma na kuacha kidonda, ganda jipya halitaingia vizuri. Na kama mwenyewe wa zamani alikuwa anapiga .22 Short (fupi kuliko LR) humo utakuta pete ya masizi ndani ya chemba, maganda ya LR yanang'ang'ania kutoka. Hiyo ni usafi tu, brashi na muda, usikubali mtu akuambie imekufa, na usimkatishe tamaa muuzaji pia, itumie kuomba punguzo.

Zile ndogo za kukunjuka juu za kampuni kama Iver Johnson, H&R na Hopkins & Allen, za risasi za .32 S&W na .38 S&W, ndio utaziona nyingi na ndio bei ya chini kuliko zote. Nazipenda, ila kwa kiasi. Zilitengenezwa ziwe mfukoni au kwenye droo, vilengeo vyake ni vidogo sana, umbali wa mita saba ndio raha yake. Shida ni umri: Iver Johnson za kabla ya mwaka 1909 hivi zilijengwa kwa ajili ya baruti nyeusi (ile ya zamani yenye moshi mwingi), na ndani zina springi bapa ambazo zikikatika kupata nyingine ni kuhangaika. Za baadaye zimeimarishwa kwa baruti isiyo na moshi na zina springi za kujizungusha, hizo ndio utafute. Bawaba ya kukunjia ikilegea, yaani umeifunga na bado mtutu unacheza kwenye fremu, ichukue kama pambo tu.

Hapa naomba unielewe vizuri kwa sababu watu wanaumia: .38 S&W na .38 Special sio kitu kimoja. Ya kwanza ni fupi na nene zaidi. Wakati wa vita ya pili Marekani ilipeleka Uingereza Military & Police nyingi sana za .38 S&W, na baada ya vita wafanyabiashara wakazitoboa chemba ili zipige .38 Special. Zinauzwa mpaka leo bei nzuri, sura nzuri. Ukipiga, ganda linavimba chini kama limekalia kitu na wakati mwingine linapasuka, na risasi ni nyembamba kwa mtutu ule kwahiyo karatasini zinatawanyika. Soma maandishi kwenye mtutu, usisome karatasi ya bei. Na Webley za .455, rivolva za Uingereza, zilizochongwa silinda zikubali .45 ACP ni hatari zaidi, risasi ya kawaida ya .45 ACP ina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo rivolva ile ilipimwa nalo kiwandani.

Kwenye swali lako umeitaja pia rivolva ya Nagant ya 1895 ya Warusi. Ni ngumu kuvunjika, risasi saba, na silinda inasogea mbele kuziba ile nafasi ya mtutu, ufundi wa kupendeza sana. Lakini triga bila kuvuta nyundo kwanza ni nzito mno, maganda unayatoa moja moja, risasi zake hazipatikani kila mahali, na zile za zamani za jeshi zina chumvi kwenye praima (kile kiwashio cha baruti), usipoosha mtutu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo kutu inaanza. Inunue kwa kuipenda, sio kwa kubana matumizi.

Zile za kundi la pili ni za fremu ya aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, Röhm ya Ujerumani na ndugu zake. Matundu ya pini yanapanuka, taimingi inahama, fremu inaweza kupasuka, na hakuna fundi atakayekubali kuzihangaikia. Nenda na sumaku, isiposhika fremu uliza ni chuma gani (Sentinel za mwanzo hazitashika pia, ila zile ni aluminiamu na ni nzuri).

Ukishanunua, siku ya kwanza vaa miwani, watu wakae nyuma yako na sio ubavuni, weka risasi moja tu na uipige, kisha toa ganda ulitazame: alama ya pini iwe karibu na katikati kwa zile za .38, ganda lisiwe limevimba wala kuchanika, na uso wa fremu kuzunguka mtutu usiwe na vipande vya risasi vilivyokwanguliwa. Rudia chemba kwa chemba ukiziwekea alama ya chaki. Zikipita zote ndio ujaze silinda, na kama ni ya zamani ambayo pini iko kwenye nyundo yenyewe bila kizuizi, acha chemba iliyo chini ya nyundo ikiwa tupu kila unapoibeba.