Maswali na majibu: utafiti wa kijeshi unavyosimamiwa

Maswali mengi yaliyofika safari hii yanahusu jambo moja: majeshi hupangaje utafiti wa zana mpya, na kwa nini fedha nyingi hupotea njiani. Nimechagua matano.

Nani aamue kitafitiwe nini: wanasayansi au makamanda?

Wote wawili, tena wakae chumba kimoja. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry, Uingereza, wanasayansi Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walithibitisha kwamba mawimbi ya redio yanaweza kugundua ndege iliyo angani. Ugunduzi huo peke yake usingeiokoa Uingereza. Kilichofuata ndicho kilicholeta tofauti. Mwaka 1936, kabla mtandao wa rada haujakamilika, marubani na wanasayansi walikutana uwanja wa Biggin Hill wakafanya mazoezi ya kuelekeza ndege za kivita kana kwamba taarifa za rada tayari zinaingia. Henry Tizard, mwanasayansi, aliyasukuma majaribio hayo. Hugh Dowding, aliyewahi kusimamia utafiti wa jeshi la anga, mwaka huohuo akawa kamanda wa ndege za kivita. Vita vya anga dhidi ya Wajerumani vilipoanza mwaka 1940, taarifa zilikuwa zinatoka kwenye minara, zinachujwa, zinamfikia rubani kwa dakika chache. Wajerumani nao walikuwa na rada, baadhi yake bora kiufundi kuliko zile za Waingereza, lakini hawakuwa wamezifunga pamoja na marubani wao kwa namna hiyo.

Marekani ilipita njia nyingine kufikia palepale. Juni 1940 mhandisi Vannevar Bush alimshawishi Rais Roosevelt aunde kamati ya utafiti wa ulinzi iliyoongozwa na raia. Kazi nyingi zilikwenda kwa vyuo vikuu na viwanda kwa mikataba. Wanajeshi walileta mahitaji yao, lakini wanasayansi nao waliruhusiwa kuanzisha kazi ambayo hakuna jenerali aliyeiomba. Ruhusa hiyo naiona ya lazima, kwa sababu kamanda hawezi kuomba kitu ambacho hajui kuwa kinawezekana.

Silaha inapitaje ukaguzi wote, halafu ikafeli vitani?

Kwa sababu aliyeibuni ndiye aliyeachiwa kuikagua. Sijui mfano mchungu kuliko torpedo (kombora la chini ya maji) ya Marekani iitwayo Mark 14, na naomba msomaji anivumilie niueleze kwa kirefu.

Torpedo hiyo ilibeba kiwashio kilichotakiwa kuhisi usumaku wa meli na kulipuka chini ya tumbo lake. Kila torpedo iligharimu takriban dola 10,000, kwa hiyo wakubwa waliona uchungu kuzilipua kwa majaribio. Kiwashio chenyewe kilijaribiwa kwa mlipuko halisi mwaka 1926, mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo hakikulipuka. Baada ya hapo kikafanywa siri kubwa, na manahodha wa nyambizi hawakupewa kujizoeza nacho.

Vita kati ya Marekani na Japani vikaanza Desemba 1941. Manahodha wakarudi wakilalamika: tumelenga sawasawa, hakuna kilichotokea. Idara iliyotengeneza torpedo ikajibu kwamba wao ndio wasiojua kulenga. Juni 1942 Admirali Charles Lockwood akachoka na mabishano. Huko Albany, Australia, alinunua wavu wa wavuvi, akautandaza majini, akaamuru torpedo zifyatuliwe. Iliyopangwa kwenda kina cha futi 10 ilitoboa wavu kwenye futi 25. Wavu mmoja ulionyesha kilichobishaniwa kwa miezi.

Lakini kosa la kina lilikuwa limefunika kosa la kiwashio cha usumaku, na la usumaku likafunika la tatu. Julai 1943 nyambizi Tinosa iliisimamisha meli kubwa ya mafuta ya Wajapani, kisha ikaipiga torpedo baada ya torpedo kwa pembe nzuri kabisa. Zilipiga ubavu bila kulipuka. Nahodha akabakiza moja na kuirudisha ichunguzwe. Huko Hawaii wakaziangusha torpedo zenye vichwa visivyo na baruti kutoka juu kwenye bamba la chuma: zilizotua wima, 7 kati ya 10 zilifeli, kwa sababu sindano ya kufyatulia ilipinda kwa kishindo. Yaani kadiri nahodha alivyolenga vizuri, ndivyo torpedo ilivyozidi kumsaliti. Dawa kamili ilipatikana vita vikiwa vimekaribia miaka miwili.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa mantiki hiyohiyo Bunge la Marekani mwaka 1983 liliunda ofisi ya majaribio isiyo chini ya wale wanaotengeneza silaha. Nchi yoyote inayoanzisha utafiti wa kijeshi ingetenganisha wawili hao tangu siku ya kwanza.

Tusubiri zana iliyo bora kabisa, au tuchukue iliyopo?

Watson-Watt alikuwa na msimamo wake: wapeni iliyo ya tatu kwa ubora, kwa kuwa ya pili itachelewa na ya kwanza haifiki kamwe. Nakubaliana naye, kwa sharti moja: iwe imejaribiwa kikweli. Ndege ya kivita ya Marekani, F-35, iliingia kiwandani kabla majaribio hayajaisha, na zilizokwisha tengenezwa zikalazimika kurudishwa kufanyiwa marekebisho ya gharama kubwa. Upande wa pili, wa kuchelewa, kuna ndege ya kivita Tejas ya India: mradi ulianza 1983, ikaruka mara ya kwanza Januari 2001, ikaingia kikosini 2016.

Usiri unasaidia au unaharibu?

Vyote viwili. Jenerali Leslie Groves, msimamizi wa mradi wa bomu la atomiki, alitaka kila mtu ajue kipande chake tu. Kule Los Alamos, maabara ya mradi huo, mkurugenzi wake Oppenheimer alisimama kidete wanasayansi wake wakutane kila wiki kujadili matatizo, na akakubaliwa. Mficheni adui siri. Anayelitatua tatizo msimfiche.

Nchi isiyo na bajeti kubwa ianzie wapi?

Ianze kwa kuchunguza jinsi inavyotumia zana ilizonazo. Mwaka 1941 kikundi cha wanasayansi wa Uingereza, Patrick Blackett akiwa miongoni mwao, kilipitia kumbukumbu za mashambulizi ya ndege dhidi ya nyambizi. Mabomu yalikuwa yamepangwa kulipuka kwenye kina cha futi 100. Mwenzao E. J. Williams akaona kasoro: nyambizi iliyofika kina hicho imeshatoweka, na rubani hajui iko wapi. Inayopigika ni ile iliyo juu au ndiyo kwanza inazama. Kina kikapunguzwa, hatimaye hadi futi 25, na nyambizi zilizozamishwa zikaongezeka sana. Hakuna silaha mpya iliyonunuliwa.

Kazi hiyo inahitaji watu wachache wanaojua hesabu, waliokaa karibu na chumba cha operesheni, wenye ruhusa ya kusoma ripoti zote, zikiwemo zile za mashambulizi yaliyoshindwa, na wanaomripoti kamanda mwenyewe.