AC inamwaga maji miguuni mwa abiria

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini AC, yaani kipoza hewa cha gari lako, inamwaga maji ndani. Maji ya AC kudondoka chini ya gari si ubovu. Kwa unyevu wa Mombasa, ukikaa foleni ya feri Likoni AC ikiwaka, lazima yatiririke. Lakini umesema kapeti ya abiria imelowa na chini ya gari ni pakavu. Hapo mpira wa kutolea maji ya AC umeziba, mara nyingi kwa vumbi na ukungu. Injini ikipoa, fundi auzibue kwa upepo mdogo kutoka chini. Upepo mkali waweza kuuchomoa ndani. Kapeti uianike, kwani chini yake hupita nyaya.

Ila gusa maji hayo kwanza. Yakiwa na rangi, yanateleza na yana harufu tamu, ni ya rejeta, yale yanayopoza injini. Usiyaonje, ni sumu. Usiendeshe, injini yaweza kuchemka. Mwite fundi ulipo.