Usiumwagie mlakasa chumvi

Kila anayeingia uani kwangu hapa Pasua, Moshi, akiambiwa kwamba ule mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau asili yake ni ufukweni, huuliza swali moja: "Sasa chumvi unauwekea mara ngapi?" Siuwekei kabisa. Na wewe usiuwekee. Mlakasa unavumilia chumvi, lakini hauihitaji, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaustawisha huku kwetu bara au utauzika ndani ya mwezi.

Ukifika Pangani au Bagamoyo angalia unapoota. Haumo majini kama mikoko. Upo juu zaidi, maji ya bamvua yanapokomea, kwenye mchanga mkavu ambao wachache wanaweza kuuvumilia. Mvua inyeshapo hupenya mchanga ule upesi na kuisukuma chumvi chini, kwa hiyo mara nyingi mizizi yake inakunywa maji yenye chumvi kidogo kuliko unavyodhani. Kinachousumbua hasa ni rasharasha za mawimbi zinazoletwa na upepo zikakaukia majanini, jua la kutwa, mchanga unaoungua mchana, na kufukiwa kila upepo unapobadilika. Jani lake nene lenye ngozi ya nta linaikabili hiyo chumvi ya upepo. Mzizi mkuu unashuka chini sana kutafuta maji, na kila kifundo cha shina kikigusa mchanga kinatoa mizizi yake. Ukiufukia, unaibukia mbele.

Jina lake la kisayansi ni Ipomoea pes-caprae. Linnaeus aliuandika mwaka 1753 katika jenasi nyingine, Convolvulus, na Robert Brown akauhamishia Ipomoea mwaka 1818. Jani limepasuka ncha yake kama kwato la mbuzi, na jina limetokana na hapo. Ua lina umbo la faneli, rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na kitovu chake kimekoza zaidi. Hufunguka asubuhi na kufikia alasiri limeshanyauka, hivyo mgeni anayekuja saa kumi jioni usimwahidi maua. Ukikata shina linatoa utomvu mweupe. Tunda ni kifuko kidogo chenye mbegu nne zenye manyoya, na mbegu hizo huelea baharini muda mrefu bila kufa. Ndiyo maana utaukuta kwenye fukwe za joto karibu dunia nzima, si kwetu tu.

Ni ndugu wa kiazi kitamu. Mtu aliyezoea kupanda matembele akiliona shina linavyotambaa atalitambua mara moja. Undugu huo una hasara yake: fukusi wa viazi vitamu huishi pia kwenye jamaa wa pori wa kiazi, kwa hiyo kama una matuta ya viazi nyuma ya nyumba, mlakasa uweke upande wa mbele. Wala usiuchume kama mboga kwa sababu tu unafanana na matembele.

Sasa suala la magadi, ambalo ndilo linalonisukuma kuandika. Watu wa tambarare za kusini mwa Moshi, kuelekea mashamba ya miwa ya TPC na Kahe, wana vipande vya ardhi vyenye chumvi na magadi. Wakisikia kuna ua linalovumilia chumvi wanafurahi: dawa imepatikana! Haijapatikana. Chumvi ya bahari kwa sehemu kubwa ni ile tunayotia kwenye mboga. Magadi ni kabonati na bikabonati za sodiamu, kama yale ya Ziwa Natron, na yanaharibu udongo kwa namna nyingine kabisa. Sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi hazishikamani tena. Zinatawanyika, zinaziba vitundu vya udongo, maji yanatuama juu, na jua likiukausha linakuachia sakafu ngumu iliyopasukapasuka. Pia udongo unakuwa wa alkali, yaani kinyume cha asidi, pH inapita 8.5, na madini kama chuma na zinki yanafungika humo humo huku jani likigeuka njano.

Mlakasa umezoea mchanga unaopitisha maji na hewa. Ukiupanda kwenye sakafu hiyo, mizizi inakosa hewa hata kabla chumvi haijafanya kazi yake.

Kujua una shida ipi, chukua donge kavu la udongo ulitie taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Likizungukwa na wingu la maziwa lisilotulia hata baada ya saa kadhaa, sodiamu imezidi. Likivunjika tu na maji yakabaki maangavu, huenda si magadi. Kwa shamba kubwa peleka sampuli maabara. Tiba ya magadi inayojulikana ni jasi, ambayo kwetu huchimbwa Makanya, wilayani Same, ikifuatwa na maji mengi mazuri ya kusukuma sodiamu chini, na samadi. Kama maji hayana pa kutokea, jasi pekee haitoshi.

Anayetaka ua la kupanda mahali penye chumvi ya kweli, na hasa penye majimaji, namshauri atafute Sesuvium portulacastrum. Nao ni wa pwani, unatambaa, majani yake ni manene kama vidole na maua ni ya waridi yenye umbo la nyota. Unaota hadi kwenye tope la kando ya mikoko. Wenyewe unaivuta chumvi na kuihifadhi kwenye vihifadhi vya seli za majani, tofauti na mchu, aina ya mkoko, unaoitoa nje kupitia jani. Kipande cha shina ukikichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kinashika. Kwa magadi makali hata huo siuahidi.

Turudi kwenye mlakasa. Mimi niko Pasua, chini, joto kwa sehemu kubwa ya mwaka, na unastawi. Dada yangu yuko Sakina, Arusha, kwenye mita kama 1,400 hivi, na wake ukifika Juni unasimama. Majani yanapauka, vichipukizi vinaacha kukua, hadi Septemba ndipo unaamka. Kinachoudumaza si udongo wa Arusha, ni baridi na yale mawingu ya asubuhi. Kwa watu wa Arusha nasema hivi: upande kwenye chungu, uegemeze kwenye ukuta unaotazama Meru. Mwezi Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, na ukuta huo ndio unaopata joto, kisha unalitoa usiku. Miezi hiyo punguza maji karibu yote, kwani baridi na unyevu vikikutana shina linaoza kutoka chini.

Mchanganyiko wa chungu: mchanga mnene wa mto uliooshwa, sehemu tatu, na udongo wa kawaida sehemu moja. Mchanga laini wa kupigia lipu haufai, unashikana. Samadi konzi moja, basi. Ukiushibisha utapata majani ya kupendeza na maua ya kuhesabu.

Mbegu ina ganda gumu. Isugue upande mmoja kwa msasa mpaka uone weupe kidogo ndani, uiloweke usiku kucha kwenye maji vuguvugu, kisha uipande sehemu ya joto. Ikigoma kuvimba, irudie msasa. Vipande vya shina ni rahisi zaidi: chukua chenye vifundo vitatu au vinne, kiache kivulini utomvu ukauke, ufukie vifundo viwili. Mwagilia kwa wingi halafu subiri mchanga ukauke vidole viwili kwenda chini. Kumwagilia kidogokidogo kila jioni kunafanya mizizi ibaki juu.

Na kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, utaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu. Mlakasa utauvumilia kuliko waridi lako, lakini usiuache ujirundike. Kinga maji ya mvua za masika, yamimine chunguni hadi yatoke chini kwa wingi, urudie mara moja tena.

Ukienda pwani kuutafuta, usiung'oe. Ule mtandao wa mashina ndio unaoshika mchanga usiliwe na mawimbi. Okota mbegu zilizokwisha kudondoka, au omba kipande kwa mwenye eneo, ukifunge kwenye gazeti lenye unyevu kidogo. Kwenye basi kiweke mahali pasipo na jua, kinafika Moshi kikiwa hai.