Jueni auksini inapita wapi kabla hamjashika kisu na bomba

Wadogo zangu mliokuja vitendo msimu huu, nawapenda na bidii yenu naiona. Lakini wiki hii nimekuta tena viriba vya mforsadi vimechomekwa vijiti kichwa chini. Waliowatangulia walifanya hivyo hivyo, na waliowatangulia hao pia. Jamani! Auksini, ile homoni ya ukuaji wa mmea, mnaitaja vizuri kwenye mtihani, halafu mkifika kitaluni mnaisahau, wakati ndiyo inayoamua kama mche utashika au utakauka.

1. Kijiti kina juu na chini hata kikiwa hakina jani. Auksini hutengenezwa zaidi kwenye ncha na majani machanga, kisha hushuka seli kwa seli, kama sentimita moja kwa saa. Kwenye ukuta wa seli pH, yaani kipimo cha uchachu, ni karibu 5.5, na hapo sehemu ndogo tu ya auksini, kama 15 kwa kila 100, haina chaji ya umeme. Hiyo hupenya utando wa seli yenyewe. Iliyobaki hutegemea protini za kuiingiza, AUX1 na ndugu zake. Ikishaingia inakutana na pH ya karibu 7, karibu yote inapata chaji hasi, na kupenya tena kurudi nje haiwezi. Mlango wa kutokea ni protini za PIN, nazo kwenye shina seli imezipanga upande wa chini. Watafiti Rubery na Sheldrake walitoa hoja hii mwaka 1974, Raven akaitoa naye 1975, wakati protini zenyewe hazijaonekana; PIN1, mojawapo ya hizo PIN, ilikuja kuelezwa 1998. Mpangilio huo haugeuki kwa sababu wewe umegeuza kijiti. Auksini itaendelea kujikusanya kwenye kile kitako kilichokuwa chini mtini, na sasa kitako hicho kiko juu kinapigwa na jua. Juu kata sawa, chini kata mshazari, basi. Hutachanganya tena.

2. Bomba la dawa ya magugu. Hili nalisema kwa uchungu, kwa hiyo mnisikilize hadi mwisho.

Kulikuwa na kijana wa vitendo, mchapakazi kweli, katika kitalu kimoja njia ya Mbalizi. Bomba lilikuwa limepiga 2,4-D, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi. Kesho yake akaambiwa amsaidie mama jirani kupiga dawa ya ukungu kwenye nyanya. Akamwaga mabaki, akatia maji kidogo, akatikisa, akanusa. Halinuki. Akachanganya dawa ya ukungu, akapiga mstari hadi mstari, hakuruka hata shina moja.

Hazikupita siku nyingi mama akaja asubuhi na mapema. “Mwanangu, njoo uone. Nyanya zangu zimejikunja, sijui zimerogwa?” Tukaenda. Mmoja akasema ni virusi, mwingine akasema mbolea imezidi. Nikachuchumaa kwenye shina moja. Majani ya chini, yale yaliyokomaa, yalikuwa karibu salama. Kadiri unavyopanda juu, vikonyo vimeinama, shina limejipinda, na jani la mwisho kabisa limekuwa jembamba, mishipa yake imebanana, kingo zimejiviringisha. Karibu na udongo shina limevimba na kuanza kupasuka. Nikauliza bomba lilitumika wapi mara ya mwisho. Kijana akanyamaza.

Sasa angalieni kilichotokea. 2,4-D ni auksini ya kutengenezwa. Jani likishainywa, husafiri kwenye floemu, mishipa inayobeba chakula cha mmea, pamoja na sukari kuelekea kunakokua, ndiyo maana majani machanga ndiyo yaliyoharibika zaidi. AUX1 inaiingiza ndani ya seli bila shida, ila protini za kutolea nje zinaibeba kwa shida sana, na nyanya haiwezi kuivunja upesi kama auksini yake yenyewe. Inaingia, inabaki, inarundikana. Mahindi huokoka kwa sababu yanaivunja haraka. Kiasi kilichobaki kwenye mpira na kwenye chujio kilitosha, na pua ya mtu haikigundui. Yule mama alitegemea nyanya zile kwa ada ya shule. Alipewa miche mipya, lakini bei nzuri ilishapita, na kijana alilia mbele yetu sote.

Bomba la magugu liwe peke yake, lipakwe rangi. Kama mnalo moja tu, suuzeni mara tatu, maji yapite mpaka kwenye nozeli, kisha mlilaze na maji yenye amonia usiku kucha, halafu msuuze tena.

3. Kukata ncha ya kahawa au chai ili itoe matawi, mnakujua. Msiniambie tu kwamba “auksini imeondoka, basi vichipukizi vinaamka”. Utafiti wa njegere wa 2014 ulionesha kuwa vichipukizi vya mbali vinaanza kukua kabla upungufu wa auksini haujavifikia. Sukari ambayo ncha haiili tena ndiyo inayofika mapema. Kwa hiyo ukikata ncha ya mche dhaifu, wenye majani mawili yaliyochoka, usishangae haujatawanya. Hauna cha kuvilisha.

4. Mche ulioanguka kiriba usimameshwe siku hiyo hiyo. Ukiulaza, auksini inahamia upande wa chini, shina linapinda kwenda juu, na likikomaa limepinda mteja wa Njombe hachukui.

5. Unga wa kuotesha mizizi, nao una auksini: chovya kitako, gonga uliozidi udondoke. Ukizidi unaunguza. Na toboa udongo kwanza kwa kijiti kingine ndipo uchomeke kipandikizi, la sivyo unga wote unabaki juu, na kwa mvua ya Tukuyu hadi jioni umeshakwenda.