Tromsø hadi Longyearbyen: ndege saa ngapi, na ishu ya viza

Dada nimekusoma, uko Tromsø, kaskazini mwa Norway, kwa viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), pasi ya Tanzania, unataka kupanda hadi Longyearbyen, mji wa kule visiwa vya Svalbard, siku chache halafu urudi. Umbali ni kama kilomita 950 hivi, ndege ya moja kwa moja inakula saa moja na nusu na dakika kadhaa, kwa hiyo hapo usiwaze.

Cha kuwaza ni viza. Svalbard ni ya Norway ila iko nje ya Schengen, ukiondoka Tromsø unapita kaunta ya paspoti na unahesabika umetoka, sasa angalia stika yako pale kwenye idadi ya kuingia, kama ni 01 usikate tiketi kabisa maana kurudi ndo kimbembe, inatakiwa 02 au MULT (kuingia mara nyingi). Ukiwa na wasiwasi waulize UDI, uhamiaji wao, kabla hujalipa chochote.

Halafu hali ya hewa ya kule haina adabu, ukungu ukishuka ndege inaahirishwa au inageuza, so usiunganishe na ndege ya kurudi Bongo siku hiyohiyo, acha hata siku moja katikati. Na usitoke nje ya mji bila mwongoza watalii mwenye bunduki, dubu wapo kweli.